Mabaki ya mradi shambani, utunze au uuze? Angalia lini kitu kinageuka kuwa kilo

Pita Chanika, pita Mabwepande, vuka daraja la Nyerere uende Kigamboni mpaka Kisarawe II huko, mashamba mengi ya watu wa Dar yana kona moja nyuma ya banda imejaa vitu. Bati zilizobaki baada ya kuezeka, vipande vya nondo, mabomba, wavu wa kuku, mbao, mipira ya drip ya kumwagilia matone imefungwa na kamba, simenti mifuko miwili mitatu imepangwa juu ya tofali. Mradi umeisha au umepungua au umekufa kabisa, vitu vimebaki. Wengine ni mabaki ya enzi za kware, wengine ya grinihausi ya nyanya iliyopigwa na mnyauko, wengine ni kuku wa mayai walioshindikana baada ya chakula kupanda bei. Na ugomvi wa nyumbani ni uleule, mmoja anataka viuzwe hela irudi, mwingine anataka vikae maana ipo siku vitahitajika.

Naliandika hili kwa sababu kuna ndugu wawili nawafahamu, dada na mdogo wake wa kiume, wamefunga banda la kuku Kigamboni na saivi hawaelewani. Dada mtu ndo anakaa shamba, hataki hata bati moja litoke. Mdogo mtu yuko Sinza, yeye anataka aje na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, siku moja wasombe kila kitu waanze upya. Nimewasikiliza wote, na hakuna anayeongea ovyo hapo.

Nianze na dada mtu maana hoja yake huwa inadharauliwa sana. Anasema ukiuza bati leo unauza kwa hasara, na siku ukitaka kujenga tena utanunua kwa bei ya hadiwea ya siku hiyo, alafu juu yake uweke hela ya gari. Yuko sahihi. Kitu ambacho kiko shambani tayari kimeshalipiwa usafiri, na usafiri wa kwenda mashamba haya ya pembezoni sio hela ndogo, kuna siku unanunua bomba moja na koki mbili na bodaboda inakula karibu sawa na ulichonunua. Alafu kuna jambo zito zaidi la hilo. Dar hii sehemu kubwa imejengwa kidogo kidogo, mtu akipata hela ya msimu ananunua tofali, akipata tena ananunua nondo, vinakaa kiwanjani miaka na miaka mpaka nyumba inasimama. Ule sio uzembe, ile ndo akiba yake. Hela ikikaa kwenye simu inaisha, leo ada ya mtoto, kesho msiba, keshokutwa ndugu anaomba umkopeshe, lakini hakuna ndugu anayekuja kukopa bati kumi. Kwa hiyo mtu wa Sinza akiona rundo la vitu, mwenye kukaa shamba anaona akiba ambayo hakuna mtu ameweza kuigusa.

Sasa mdogo mtu naye. Yeye anasema akiba ni ile inayobaki na thamani yake, na vitu vya shambani vingi havibaki nayo. Na ukienda kuangalia kweli unamuelewa. Sisi tuko pwani, hewa ina chumvi na unyevu, na ukizidi kusogea Kimbiji au Pemba Mnazi unaona jinsi chuma kinavyoliwa haraka. Mchwa wapo. Panya wapo, na panya akiingia kwenye mipira ya drip hutoboa pasipo mpangilio mpaka ukija kuifungua inavuja kila baada ya hatua. Wezi nao wapo, hasa kwa vitu vya shaba, nyaya na pampu, na shamba ambalo mwenyewe analala mbali ni kama umewawekea wewe. Alafu mlinzi unamlipa kila mwezi, kwa hiyo stoo yako ina kodi hata kama hujaiona ikiandikwa popote.

Mimi naona wote wawili wanakosea sehemu moja, wanajadili rundo zima kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Wakati kila kitu pale kina bei mbili. Kuna bei ya kazi yake na kuna bei ya uzito wake. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7. Jirani anayetaka kumwaga lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, anakununulia nondo, mtu wa skrepa, yaani chuma chakavu, ananunua kilo 10.7. Ni chuma kilekile, mkononi mwako inaingia hela tofauti kabisa. Na muda unachofanya ni kukitoa kitu kwenye bei ya kwanza na kukisogeza kwenye ya pili, kila kitu kwa kasi yake. Kwa hiyo swali langu sio utunze au uuze, ni hiki hapa kinachukua muda gani mpaka kigeuke kuwa kilo, na je mimi nina kazi nacho kabla ya hapo?

Ukiuliza hivo ugomvi mwingi unaisha wenyewe. Simenti kwa mfano haina mjadala. Mfuko hata haujafunguliwa unavuta unyevu, miezi mitatu inatosha kuanza kupoteza nguvu, na kwenye unyevu wetu huu ukiuweka chini kwenye sakafu ni haraka zaidi. Yale mabonge ukiyaminya na vidole yakavunjika bado unaweza kusakafia kibaraza au kutengeneza hori la maji, yakiwa mawe basi imekwisha, usimdanganye fundi aichanganye kwenye nguzo. Hapa mdogo mtu anashinda, uza wiki hii au tumia wiki hii.

Betri za sola hivo hivo. Betri ya asidi ikikaa bila chaji inajiua yenyewe ndani, ukija kuichukua baada ya miezi haishiki tena, inabaki bei ya madini ya risasi yaliyomo ndani. Paneli zenyewe hazioziozi, lakini bei ya paneli mpya duniani imeshuka sana kwa miaka mingi, kwa hiyo ya kwako iliyokaa stoo inashindana na mpya ya bei nafuu zaidi, ukingoja unapoteza hata kama haijapata mkwaruzo. Pampu ya petroli nayo ikiachwa na mafuta ndani, kabureta inaganda. Watu wanatunza pampu wakidhani wanatunza hela, wanatunza kazi ya fundi.

Sasa njoo upande wa pili. Tofali za bloku zilizokauka vizuri zinakaa, mvua haizifanyi chochote cha maana. Tenki la plastiki linakaa, na mtu aliyepitia mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022 Ruvu iliposhuka haitaji kuelezwa kwanini, kuliuza tenki Dar ili ulinunue tena baadae ni kujitafutia gharama. Nondo zenyewe kutu ya juu juu isikutishe, ile nyekundu inayobaki kwenye kiganja haijapunguza chuma, mafundi wanazimwagia zege kila siku. Ila ikianza kubanduka magamba na ukiipima imekonda, hapo imeshahamia kwenye kilo. Na urefu una maana kubwa. Kipande cha mita tatu ni lenta ya mlango na chenji inabaki, vipande vya sentimita hamsini hamsini ni skrepa tu, labda fundi akuokotee vya kutengenezea ringi. Kwa hiyo ndefu zibaki juu ya magogo na zifunikwe, fupi zitoke leo, kuzichanganya ndo kunafanya mnunuzi azipige zote bei ya kilo.

Bati ndo pagumu na hapa nitakaa kidogo maana ndo hela yenyewe. Bati jipya ambalo halijatobolewa na bati lililofunguliwa kwenye paa ni vitu viwili tofauti, lenye matobo ya misumari linakwenda kwenye uzio, choo cha nje, kibanda cha mbuzi. Geji nayo, yaani namba ya unene wa bati, kumbuka namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, 32 haisubiri kama 28. Na watu wengi wanaharibu bati kwenye stoo bila kujua, wanalilaza juu ya jingine sakafuni, maji au umande unaingia katikati, baada ya muda unakuta unga mweupe umekula ule mng'ao. Lisimamishwe kwa kuegemezwa, liinuliwe chini, hewa ipite. Kama huna sehemu ya kufanya hivo basi huna uwezo wa kutunza bati, uza. Na ukiuza angalia msimu, Januari na Februari watu wanakimbizana kuezeka kabla ya masika, huo ndo muda wa kupiga picha na kuweka status. Ukipeleka sokoni Aprili mvua inanyesha na kila mtu ameshasimamisha ujenzi, dalali atakupangia bei.

Mbao sitasema mengi, zile za paini za Mafinga kama hazikupigwa dawa mchwa atamaliza mjadala kwa niaba yenu. Mabomba ya PVC yakikaa juani yanakuwa kama biskuti, polipaipu nyeusi inavumilia zaidi. Mabomba ya chuma ya grinihausi mafundi wa kuchomelea wanayagombania kwa mageti, msiyatoe kwa skrepa hata siku moja kabla hamjampigia fundi wa geti.

Suala la namna ya kuuza limewagawa pia. Mdogo mtu anataka jumla, gari moja, hela moja. Naelewa, ana kazi mjini, hawezi kukaa anasubiri mtu wa wavu mita tano. Lakini mnunuzi wa jumla anatazama rundo kwa jicho moja na analipa kwa kile kibaya zaidi kilichomo. Dada mtu ambaye yuko pale kila siku anaweza kuuza kwa majirani kipande kwa kipande, na mashamba yanayomzunguka yote yanajenga kitu. Kinachotakiwa ni apime, aandike urefu na geji na milimita, sio kusema tu kuna bati na nondo. Na risiti za manunuzi zitafutwe popote zilipo, maana vyuma na shaba siku hizi mnunuzi makini anataka kujua vimetoka wapi, na hao wakubwa wa chuma chakavu wenyewe wanatakiwa wawe na kibali cha mamlaka ya mazingira. Anayekwepa maswali hayo mara nyingi ndo anayekulipa kidogo.

Kuna kitu kimoja naomba kisiingie kabisa kwenye hesabu ya kuuza, nacho ni dawa za wadudu zilizobaki na vyombo vyake. Nimeona ndoo na madumu yaliyokuwa na sumu yanauzwa mtaani, mtu anaenda kuwekea maji ya kunywa ya watoto. Hapana jamani. Chombo kikiisha kinasuuzwa mara tatu, maji ya kusuuza yanarudi kwenye pampu ya kupulizia, alafu kinatobolewa kisitumike tena. Dawa iliyopita muda usimpe jirani kama zawadi, waulizeni watu wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea iliyoundwa kwa sheria ya 2020, au afisa ugani wa kata.

Inabaki banda lenyewe, na hili ndo hawajalimaliza. Mdogo mtu anataka livunjwe liuzwe vipande, dada mtu anataka lisimame. Hapa niko na dada mtu, kwa masharti. Banda lililosimama lina bei ya kazi kwa ukamilifu, ukilivunja tu kila bati linatoka na matobo, wavu unakunjika, nguzo zinakatwa usawa wa ardhi, kwa siku moja umelihamisha lote kuelekea kwenye kilo. Kabla ya hapo wapigiwe simu wafugaji wa jirani, wapo vijana wana vifaranga na hawana banda, wakodishwe hata kwa hela ndogo, anayelitumia ndo atalifagia na kulilinda pia. Ikipita masika bila mpangaji, basi livunjwe kiangazi, na lisivunjwe kwa nyundo na haraka ya kirikuu kinachosubiri. Aitwe fundi aliyeezeka, ang'oe msumari mmoja mmoja kwa kubetua, bati lishuke bila kukunjwa, wavu uviringishwe siku hiyohiyo. Atachukua siku mbili badala ya asubuhi moja, na hela ya siku hizo mbili itarudi kwenye bei ya bati.