Damu Yetu Imeshapimwa, Mpira Uko Wapi?

Mdogo wangu anakaribia kujifungua. Juzi kanitumia wasapu picha ya karatasi aliyopewa kliniki, vitu vya kununua: glovu, pamba, wembe, klipu ya kitovu, mabomba ya sindano, mpira mita mbili. Chini kaandika, "Dada, si wanasema huduma ya mjamzito ni bure?" Nikacheka, maana kilio hakinunui pamba.

Kilichonikaba ni huo mpira. Plastiki ya dukani tu, inakatwa kwa mita kama kitambaa cha meza. Mama akishajifungua, damu ikitoka inasambaa juu yake, nyingine inanywewa na kanga, nyingine inadondoka sakafuni, halafu nesi aliye peke yake leba akadirie kwa macho kama nusu lita, kiwango cha hatari, imefika. Atajuaje?

Na jibu lilishapatikana, tena hukuhuku kwetu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000. Mama anatandikiwa mpira wenye mfuko wa kukinga damu, na mfuko una mistari ya vipimo. Damu ikizidi, hakuna kusubiri: tumbo linakandwa, oksitosini ya kukaza mji wa mimba, asidi ya traneksamiki ya kugandisha damu, dripu, anakaguliwa inakotoka, vyote kwa mkupuo badala ya kujaribu kimoja kimoja. Hospitali zilizobaki na utaratibu wa zamani hazikuwagundua karibu nusu ya waliotokwa damu nyingi. Zilizotumia mpira wa vipimo ziliwagundua 93 kati ya kila 100. Kuvuja lita nzima na zaidi, kupasuliwa tumbo ili kuizuia damu au kufa kwa sababu yake vikashuka kwa asilimia 60. Sitini, jamani! Kwa plastiki na dawa zinazojulikana siku nyingi. Shirika la Afya Duniani nalo likapendekeza damu ipimwe hivyo mwaka huohuo.

Wala kupima si jambo geni. Kule Kigoma, Dokta Godfrey Mbaruku na wenzake walishafanya kazi na wakunga wa jadi wakitumia kanga: mbili zikilowa, ujue nusu lita imepita, mama apewe misoprostoli, vidonge vya kukaza mji wa mimba. Matokeo yalichapishwa 2005. Mkunga wa kijijini alikuwa na kipimo chake; hospitali yenye jengo jipya na kibao cha uzinduzi inakisia.

Haya, nakubali: mpira hauleti nesi wa pili zamu ya usiku, wala chupa ya damu benki. Oksitosini inataka ubaridi, na umeme wetu mnaujua. Na zipo hospitali zinazoutumia, nisije nikaambiwa nachafua majina ya watu.

Lakini damu ya mama wa Kitanzania ifae kujaza majedwali ya jarida kubwa la Marekani, isifae kununuliwa mpira utafiti ukiisha? Matokeo tunayapigia makofi hotelini, tunakula kuku wa semina (wote wana ladha moja, sijui wanapikwa wapi), tunasaini posho, basi.

Lori la Bohari ya Dawa linafikisha glovu hadi zahanati za mwisho. Mipira inakunjika, haitalijaza. Mheshimiwa mbunge wangu, bajeti ya afya ikisomwa, usisimame kushukuru tu kwa gari la wagonjwa. Uliza: mipira yenye vipimo imenunuliwa mingapi, na imekwenda wilaya zipi?