Tunawahimiza Vijana, Lakini Tuko Tayari Kuwajibu?

Mei 1963, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanafunzi zaidi ya elfu moja walitoka madarasani na kuandamana kupinga ubaguzi wa rangi. Polisi waliwafyatulia maji ya mabomba ya zimamoto, wakawaachia mbwa, wakawafungia mamia kwa mamia. Martin Luther King, kiongozi wa harakati hizo, alisita sana kabla ya kukubali watoto waingizwe katika mapambano hayo, na Malcolm X, mwanaharakati mwingine wa haki za watu weusi, alilaumu waziwazi uamuzi wa kuwaweka mstari wa mbele. Hata hivyo picha za siku zile ziliitikisa serikali, na mwaka uliofuata Sheria ya Haki za Kiraia ikapitishwa.

Siwezi kupima hoja ya kuwahimiza vijana wa miaka 13 hadi 19 washiriki kutatua matatizo ya jamii bila kukumbuka mvutano huo. Waliosema watoto wasipelekwe walikuwa na hoja nzito. Waliosema ubaguzi tayari umewafikia watoto hao, hata wakibaki majumbani, nao walikuwa na hoja nzito.

Hii ya pili ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa kuwahimiza. Kijana si mgeni katika matatizo tunayoyazungumzia. Njia ya shule isiyo na taa anaipita yeye. Mwenzake aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito alikaa naye dawati moja. Anayeuza dawa za kulevya karibu na uwanja wa michezo anamjua kwa sura, pengine miezi mingi kabla ya mzazi yeyote kusikia habari hiyo. Malala Yousafzai, msichana wa Pakistan, alipoanza mwaka 2009, akiwa na miaka 11, kuandikia idhaa ya Kiurdu ya BBC kuhusu maisha ya Bonde la Swat chini ya Taliban, hakuwa anatoa maoni kuhusu elimu ya wasichana. Alikuwa anaeleza yaliyokuwa yakiwapata yeye na wenzake.

Wenye shaka kwa kawaida huanza na ubongo. Husema sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia uamuzi na kujizuia, haikomai kabisa hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo kijana asubiri. Ukweli huo wa kisayansi upo, ila wanaoutumia kumnyamazisha kijana wanausoma nusu. Mwanasaikolojia Laurence Steinberg, aliyewachunguza vijana wa umri huu kwa miongo mingi, anatenganisha maamuzi ya namna mbili. Akipewa muda, taarifa na utulivu, kijana wa miaka 16 hufikiri karibu sawa na mtu mzima. Hisia zinapopanda na wenzake wakiwa wanamtazama, hapo ndipo anapojitosa mahali ambapo mtu mzima angesita.

Kwangu mimi, ugunduzi huo haumfungii kijana mlango. Unatuonyesha kazi ya kumpa. Kukusanya takwimu za wanafunzi wanaokosa chakula cha mchana, kuandaa ombi kwa baraza la mtaa, kukaa na wenzake jioni kadhaa wakapanga matumizi ya fedha kidogo: yote hayo anayaweza, na mara nyingi atayafanya kwa bidii tusiyokuwa nayo sisi. Kumtuma usiku akawakabili wauza dawa za kulevya ni kumtoa kafara. Kiongozi wa vijana asiyeona tofauti kati ya kazi hizo mbili asikabidhiwe watoto wa watu.

Shaka inayonisumbua zaidi si ya ubongo, ni ya gharama. Oktoba 2012 Malala alipigwa risasi akiwa na miaka 15. Greta Thunberg, aliyeanza mgomo wake wa kudai hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi mbele ya bunge la Sweden mwaka 2018 akiwa na miaka hiyohiyo, alikejeliwa hadharani na watu wazima, akiwemo rais wa Marekani. Hao dunia iliwaona, na kuonekana kunaleta ulinzi kidogo. Msichana anayemtaja mwalimu anayenyanyasa wanafunzi hana kamera inayomlinda. Kesho yake anarudi katika darasa lilelile, na huenda mwenye nyumba anayopanga mama yake ni ndugu wa mtuhumiwa. Wanaharakati wazima huweza kuhama au kutafuta wakili. Kijana hana hata uwezo wa kuchagua anapolala. Tunapomwambia "paza sauti" tukaishia hapo, tumemkopesha ujasiri kwa riba ambayo atailipa peke yake.

Kuna pia hatari ya kuhamisha wajibu kimyakimya. Vijana wakisafisha mtaro mara moja ili wauelewe mtaa wao, ni jambo jema. Wakiusafisha kila mwezi huku kuna idara inayolipwa kwa kazi hiyo, sifa zote tunazowamiminia zinaificha idara. Nawaombea vijana wajifunze mapema kuuliza kazi hii ni ya nani, hata kama swali hilo litawaudhi wanaowapigia makofi.

Tena tusisahau ushiriki wa maonyesho. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart, katika andiko lililotolewa na UNICEF, alipanga ushiriki wa watoto kama ngazi yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini, yaani kuwatumia, kuwafanya mapambo na kuwaweka kwa jina tu, alisema si ushiriki hata kidogo. Mtoto anayesoma mbele ya wageni wa heshima hotuba aliyoandikiwa yuko huko chini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 haukuishia kwenye kuwaacha watoto waseme. Ibara ya 12 inataka maoni yao yapewe uzito unaolingana na umri na upevu wao, na kazi ya kuyapa uzito ni yetu.

Mfano wa jiji la Boston, Marekani, unanivutia kwa sababu hiyo. Mwaka 2014 jiji hilo lilitenga dola milioni moja na kuwaachia wakazi wa miaka 12 hadi 25 wapendekeze miradi na kuipigia kura. Kwa bajeti ya jiji kubwa hizo ni fedha kidogo. Lakini kijana aliyependekeza alijua wazo lake linakwenda wapi, litaamuliwa vipi, na nani atalitekeleza. Ninaunga mkono kuwahimiza vijana kwa masharti hayo: pawepo mtu mzima mwenye jina atakayewajibu kwa tarehe iliyotajwa, na ambaye atasimama yeye mbele mtu akikasirika.

Hata hapo linabaki swali ambalo sijaona likijibiwa vizuri. Wanaoitwa kwenye mabaraza ya vijana aghalabu ni wasemaji wazuri, wenye alama nzuri, ambao wazazi wao wana nauli na muda. Aliyeacha shule akalea wadogo zake, au anayefanya kazi mchana kutwa, analijua tatizo kuliko wote waliokaa mezani, na saa ya kikao yeye yuko kazini.