Rubani aliyekiri asifukuzwe kazi

Tarehe 18 Desemba 2022, Boeing 777 ya shirika la United iliruka kutoka Kahului, kisiwani Maui huko Hawaii, kwenda San Francisco. Ilipaa mpaka futi 2,100 hivi, kisha ikainamisha pua na kuanza kushuka. Chini bahari tupu. Hadi inarudishwa juu, ilikuwa imebakiza futi 748 tu kufika majini. Dakika mbili hazijatimia tangu waache ardhi.

Chanzo chake ni neno moja. Kapteni alikuwa anaendesha kwa mkono, akaagiza flapu zirudishwe mpaka alama ya 5. Flapu ni vile vibawa vya nyuma ya mbawa vinavyotokezwa ili ndege inyanyuke ikiwa bado na mwendo mdogo. Rubani msaidizi akasikia 15, akaziweka hapo. Kapteni akaona kwenye kioo cha vipimo kwamba kikomo cha mwendo, ambacho hufuata flapu zilipo, si kile alichotarajia, akaagiza tena, na wakati akili yake iko kwenye flapu na mwendo, pua ikawa inainama. Mtambo wa kuonya kwamba chini kumekaribia ukalia. Msaidizi naye akapaza sauti, akarudia na kurudia: vuta juu! Kapteni akavuta. Hakuna aliyeumia.

Tano na kumi na tano. Hata kwa Kiswahili chetu zinachanganya, maana zote mwisho wake ni tano. Niliwahi kununua kitenge karibu na stendi, honi ya daladala ikameza ile "kumi na", nikatoa noti ya elfu tano. Mama muuzaji akanirudia taratibu: "Kumi na tano, mwanangu." Mimi nilikuwa na muda wa kurudiwa. Wale walikuwa na sekunde.

Jamaa yangu niliyemsimulia habari hii alisema papo hapo: wafukuzwe wote wawili. Namwelewa, lakini nampinga kwa nguvu zangu zote. Marubani wale walipotua waliandika ripoti ya usalama wenyewe, wakapelekwa mafunzo zaidi. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilikuja kulijua jambo hili baada ya miezi miwili hivi. Sasa tazama: kinasa sauti cha chumba cha marubani wale kilihifadhi saa 2 za mwisho tu, na kutoka Maui hadi San Francisco ni kama saa 5. Maana yake magurudumu yalipogusa ardhi, yale maneno "5" na "15" yalikuwa yameshafutika. Takwimu za safari zinaonyesha ndege ilivyoshuka. Lakini kwamba mmoja alisema hivi na mwenzake akasikia vile, hilo tunalijua kwa vinywa vyao tu. Wangekuwa na hofu ya kupoteza mkate wa watoto wao, wangesema nini?

Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika urubani msemo huu una makaburi. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya shirika la TWA ikielekea Washington iligonga mlima katika jimbo la Virginia kwa sababu marubani walishuka mapema mno, baada ya kuelewa vibaya ruhusa waliyopewa na waongozaji. Watu 92 walikufa, hakupona hata mmoja. Wiki chache tu kabla, marubani wa shirika jingine walinusurika kwa kosa lilelile, mahali palepale. Waliwaambia wenzao wa shirika lao, na habari ikaishia humo ndani. Uchungu huo ndio uliozaa mfumo unaosimamiwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, tangu 1976: rubani anaandika kosa lake, jina linaondolewa, na akiripoti ndani ya siku 10 haadhibiwi, mradi hakufanya makusudi wala uhalifu.

Kwa hiyo hasira yangu haiendi kwa wale wawili. Inakwenda kwenye kinasa sauti cha saa 2. Ulaya ilishadai saa 25 kwa ndege kubwa mpya, na Marekani ikasubiri mpaka sheria ya mwaka 2024. Simu iliyomo mfukoni mwangu inarekodi sauti siku nzima bila kujaa.