Kuganda: ni baridi au ni kushikana?

Simu ikikwama, kioo kikagoma hata ukikigusa mara kumi, wengi wetu husema "imeganda". Wapo wanaoikataa kauli hiyo. Wanasema kuganda ni kazi ya baridi: maji huganda, simu haigandi, na kwamba tumeokota picha ya barafu kwenye "freeze" ya Kiingereza tukaibandika kwenye kitenzi chetu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila imesimama juu ya dhana ninayoipinga, kwamba barafu ndiyo mzazi wa neno hili.

Tazama kinachoganda kwenye maisha ya kawaida. Maziwa huganda yakiachwa mahali penye joto, tukapata mgando. Damu huganda kwenye kidonda juani. Mfuko wa saruji uliopata unyevu huganda ukawa jiwe. Tope huganda kwenye kiatu. Mtoto humganda mama yake, na mdeni anajua maana ya kugandwa kama na kupe. Katika hayo yote baridi haimo.

Tena, majina ya vitu vya baridi tumeyapokea kutoka nje: barafu ni ya Kiajemi, theluji ni ya Kiarabu. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipouona weupe kileleni mwa Kilimanjaro, kiongozi wake wa safari aliuita "baridi" tu. Kitenzi chenyewe, kwa upande wake, kimejaa viambishi vya Kibantu na hakina dalili ya kuazimwa.

Hata hivyo, tusiseme watu wa pwani hawakujua kabisa kuganda kwa baridi. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Wakati wa kipupwe, asubuhi, chupa iliyolala dirishani hukutwa nyeupe, na ukiianika juani mafuta hurudi kuwa maji. Samli nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo baridi ilikuwemo ndani ya neno kabla friji halijafika. Ilikuwa njia mojawapo ya kuganda, wala haikuwa maana yake.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi umo kwenye minyambuliko. Kama funga inavyozaa fungua, na bandika ikawa na bandua, ganda ina gandua. Na kugandua ni nini? Ni kubandua kilichonata. Barafu haiganduliwi ikawa maji, huyeyuka. Kama kiini cha ganda kingekuwa "kugeuka kigumu", kinyume chake kingetupeleka kwenye kuyeyuka, lakini kinatupeleka kwenye kuachanisha. Kuna pia gandama, yenye mwisho ule ule wa inama na kwama, vitenzi vya mkao wa kitu, halafu gandamana na gandamiza, ambavyo ni kushikana na kubana. Kioevu kinapoganda, basi, chembe zake zimeshikana zikaacha kutiririka.

Wengine huunganisha kitenzi na nomino ganda, lile la ndizi au la muhogo, kwa kuwa ganda nalo hushika tunda. Inavutia, lakini nasita. Tazama lugha nyingine za Kibantu: Kishona cha Zimbabwe kina ganda kwa maana ya ngozi, na wingi wake ni makanda. Kikongo kina nkanda, ngozi pia. Na sisi wenyewe tuna ukanda, ule wa ngozi. Nomino inaelekea kuwa ya ukoo huo wa ngozi, na huenda imekutana na kitenzi kwa sauti tu.

Wanaotaka kuliwekea neno mipaka wana hoja yao bora darasani. Maji huganda kwa nyuzi 0 na hurudi. Maziwa huganda kwa asidi inayotengenezwa na bakteria, wala hayarudi. Damu huganda protini yake inapogeuka nyuzinyuzi zinazonasa chembe. Yai huganda kwa moto! Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba kuganda ni baridi atapotea hapo, na kosa si lake. Sioni kama dawa ni kubuni vitenzi vinne. Mwalimu aseme kinachogandisha: kuganda kwa baridi, kwa asidi, kwa joto. Maneno yanaongezeka, lakini mtoto anabaki na lugha anayoijua jikoni kwao.

Nikirudi kwenye simu, nakubali kwamba Kiingereza kimetusukuma. Pasipo hicho, pengine tungebaki na "imekwama", ambalo nalo ni neno zuri. Ila hakikutusukuma kwenye ukuta. Mgeni asiyeondoka tumekuwa tukisema ameganda kwenye kiti, na aliyepigwa na butwaa ameganda mlangoni, hata mchana wa Februari wakati Dar es Salaam nzima inatoka jasho.