Mimba ilianza kama mchochota

Oposumu mdogo wa Amerika Kusini, Monodelphis domestica, mamalia wa jamii ya wanyama wenye mifuko kama kangaruu, hubeba mimba kwa takriban siku 14 tu. Kwa sehemu kubwa ya muda huo kiinitete hakigusani na mama. Kimefunikwa na gamba jembamba, urithi wa mababu waliotaga mayai, na hula majimaji yanayotolewa na tezi za mji wa mimba. Karibu siku ya 12 gamba huondoka, kondo hugusa utando wa mji wa mimba, na mwili wa mama hujibu kama unavyojibu kidonda, yaani kwa mchochota: prostaglandini, kemikali zinazouchochea, hupanda, seli nyeupe za damu humiminika. Siku mbili baadaye watoto wako nje, kila mmoja akiwa na takriban gramu 0.1.

Mwaka 2017 watafiti wa kundi la Günter Wagner katika Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba jibu hilo linafanana na linalotokea mimba inapojishikiza kwa mamalia wa kondo, kundi ambalo binadamu yumo. Nyingi kati ya jeni za mchochota ni zilezile. Tofauti ni kwamba katika kundi letu mchochota hukatizwa njiani: protini IL17A, inayoita neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu), hunyamazishwa, na mimba ikaendelea. Mwanabiolojia Peter Medawar aliuliza mwaka 1953 kwa nini kijusi hakikataliwi kama kiungo kilichopandikizwa. Naona swali hilo lilitupotezea muda, kwa kuwa lilidhani mimba ni ukimya wa kinga ya mwili. Kinga haiko kimya hata kidogo. Cha kuuliza ni nani aliyeuzuia mchochota usifike mwisho, mama au mtoto.

Wanaosema mimba ni mvutano kati ya mama na mtoto huanza na hesabu ya mwanabiolojia Robert Trivers ya mwaka 1974. Mama ana undugu sawa na kila mtoto wake, aliyepo na atakayekuja, hivyo humfaa kugawa kwa kiasi. Mtoto ana masilahi zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa ndugu zake, hivyo humfaa kuvuta zaidi ya mgawo. Mwanabiolojia David Haig aliiingiza hesabu hiyo ndani ya mji wa mimba mwaka 1993. Kondo la binadamu humwaga katika damu ya mama homoni zinazodhoofisha kazi ya insulini, sukari ikakaa kwenye damu muda mrefu baada ya mlo. Mama hujibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi; kongosho lake lisipomudu, hupata kisukari cha mimba.

Ushahidi wao mzito zaidi ni wa panya wa maabara. Jeni ya Igf2, inayokuza kijusi, husomwa kutoka nakala ya baba pekee. Igf2r, inayoiondoa protini hiyo, husomwa kutoka nakala ya mama. Mtoto akikosa Igf2 ya baba huzaliwa na takriban 60% ya uzito wa kawaida. Akikosa Igf2r ya mama hukua kupita kiasi na kwa kawaida hufa karibu na kuzaliwa, lakini ukiziondoa zote mbili, anaweza kuishi. Mmoja anakanyaga mafuta, mwingine anakanyaga breki. Sijaona maelezo ya ushirikiano mtupu yanayoeleza vizuri kwa nini zana hizo zigawanywe kati ya wazazi.

Upande wa pili haukatai mvutano. Unasema tu kwamba hatua ya kwanza ilichukuliwa na mama. Projesteroni, homoni ya mimba, hubadilisha seli za utando wa mji wa mimba kuwa seli za desidua (utando uliogeuzwa kwa ajili ya mimba), aina ya seli isiyopatikana kwa oposumu. Vincent Lynch na Wagner walionyesha mwaka 2011 kwamba vipande vya DNA vinavyoruka, viitwavyo MER20, vilijipachika karibu na jeni nyingi za seli hizo na kuzifanya ziitikie homoni. Baadaye ilibainika kwamba seli za oposumu zenye asili moja na hizo, zikipewa ishara zilezile, huingia katika hali ya dhiki. Seli iliyokuwa ikilemewa na mimba imegeuzwa kuwa seli inayoisimamia.

Kazi ya desidua huonekana pale inapokosekana. Siku 6 hadi 10 baada ya yai kurutubishwa, kiinitete cha binadamu huchimba utando, na kwa wiki nyingi seli zake hupanua ateri za mama ili damu iingie kwa wingi bila kasi. Zikichimba kifupi mno, ateri hubaki nyembamba, kondo hukosa damu ya kutosha, na shinikizo la damu linaweza kupanda hadi kufikia kifafa cha mimba. Kiinitete kikitua kwenye mrija wa falopio, ambako desidua haipo ya kutosha, huchimba hadi mrija unaweza kupasuka. Kondo likikaa juu ya kovu la upasuaji wa uzazi, linaweza kuzama ndani ya msuli na kukataa kutoka, mama akavuja damu nyingi. Pande zote mbili huudai ushahidi huu. Kwangu unaonyesha kwamba desidua ni mlango wenye mlinzi, na mlinzi hawekwi pasipo anayesukuma.

Hata hivyo ng'ombe na farasi huwatatiza wanaohusisha kuchimba na njaa ya mtoto. Kondo lao halichimbi. Hugusa tu utando wa mama, ingawa inaelekea babu wa mamalia wa kondo alikuwa na kondo linalochimba. Ndama na mtoto wa farasi husimama saa chache tu baada ya kuzaliwa, kwa hiyo hawakunyimwa chakula tumboni. Walichonyimwa ni kingamwili: hazipiti kwenye kondo la aina hiyo, na ndama asiponyonya dang'a ndani ya saa za mwanzo, kabla utumbo haujaacha kuzipokea, huugua kwa urahisi. Ukali wa mvutano, basi, hautabiri peke yake umbo la kondo.

Nasimama hapa: mama ndiye aliyesimamisha mchochota, na mvutano ukapata uwanja kwa sababu mimba ilirefuka. Kijusi kinachogusana na mama kwa siku mbili hakina muda wa kuvuta mengi.

Mchochota wenyewe haukufutwa. Mwishoni mwa mimba prostaglandini hurudi, seli nyeupe huingia kwenye mlango wa kizazi, nao hulainika; leba ni ile sehemu ya pili ya jibu la oposumu, iliyosubirishwa miezi kadhaa. Ndiyo maana maambukizi yanayofika kwenye utando unaozunguka kijusi yanaweza kuleta uchungu wiki nyingi kabla ya wakati: bakteria huamsha njia hiyohiyo, na desidua haina tena uwezo wa kuizuia.