Mwenye Maneno ni Mtunzi au Mhusika?

Wahakiki wa fasihi wana lalamiko la siku nyingi juu ya nukuu za tamthilia zinazosambazwa mitandaoni kwa jina la mtunzi peke yake. Shakespeare, wanasema, hakumshauri mtu yeyote awe mkweli kwa nafsi yake. Aliyesema hivyo ni Polonius, katika Hamlet, akimuaga mwanawe anayerudi Ufaransa, na haupiti muda mrefu kabla mzee huyo hajatuma mtumishi akampeleleze kijana yuleyule.

Hoja yao ina uzito, hasa pale nukuu inapogeuza maana. Katika sehemu ya pili ya Henry VI, Dick mchinjaji, mfuasi wa muasi Jack Cade, ndiye anayetaka mawakili wote wauawe kwanza. Waliochoshwa na mahakama huipenda sana kauli hiyo, bila kukumbuka kwamba mara tu baada yake waasi wanamleta karani ambaye kosa lake ni kujua kuandika, na Cade anaamuru anyongwe huku kalamu na kidau cha wino vikiwa shingoni mwake. Jaji John Paul Stevens wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliwakumbusha wenzake mwaka 1985 kuwa kuwaondoa mawakili, kama Shakespeare alivyotambua, ni hatua ya kuelekea utawala wa kiimla.

Hata hivyo, wahakiki wanakosea wanapodhani kwamba kila anayeutoa mstari mahali pake hajui ulikotoka. Katika gereza la Robben Island, mfungwa Sonny Venkatrathnam alikuwa na kitabu cha kazi zote za Shakespeare, alichokibandika kadi za Diwali ili askari wa gereza wakidhanie kitabu cha dini. Wenzake walikipokea kwa zamu, kila mmoja akatia saini kando ya maneno yaliyomgusa. Tarehe 16 Desemba 1977, Nelson Mandela alitia saini kwenye Julius Caesar, pale panaposemwa kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chao, na shujaa huonja mauti mara moja tu.

Kwa kanuni ya wahakiki, huo ni uchaguzi mbaya. Maneno hayo ni ya Caesar akimjibu mkewe, Calpurnia, anayemsihi asitoke nyumbani. Ni majivuno ya mtu atakayechomwa visu siku hiyohiyo. Lakini kitabu kizima kilikuwa mikononi mwa Mandela. Mwaka 1964 alikuwa amesimama kizimbani akijua angeweza kuhukumiwa kifo, na akatamka hadharani kwamba yuko tayari kufa. Caesar aliyasema maneno yale kabla ya kujaribiwa. Mandela aliyachagua akiwa ameshajaribiwa, na kwa sababu hiyo naona yanamfaa yeye kuliko yanavyomfaa Caesar. Walter Sisulu, mfungwa mwenzake, naye alichagua maneno ya Shylock, Myahudi anayedharauliwa katika The Merchant of Venice, juu ya kuvumilia matusi, kwa kuwa uvumilivu ndiyo alama ya watu wake. Nani atamwambia Sisulu kwamba hakumwelewa Shylock?

Wala desturi hii si ya jana. Mwaka 343 KK, huko Athens, msemaji maarufu Demosthenes alimshtaki mwanasiasa mwenzake Aeschines, ambaye aliwahi kuwa mwigizaji, kisha akaagiza isomwe hotuba ya Creon kutoka Antigone, tamthilia ya Sophocles. Creon ni mtawala anayeiangamiza nyumba yake kwa ukaidi, lakini Demosthenes aliisifu hotuba ile kama funzo jema kwa raia, akamlaumu Aeschines kwa kuisahau ilhali aliitamka mwenyewe jukwaani. Mandela, aliyeigiza Creon gerezani, naye alilithamini wazo lililomo humo kwamba mtu hajulikani mpaka apewe madaraka, huku akiilaani ile roho ngumu ya Creon. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana.

Ninachowaunga mkono wahakiki ni jambo moja dogo: anayenukuu amtaje mhusika pamoja na mtunzi. Aliyeandika kwamba maneno ni ya Dick mchinjaji ameshampa msomaji sababu ya kwenda kumtafuta yule karani.