Ng'ombe wa mama mdogo ana daktari, paka wangu hakuwa naye

Simu ya mama mdogo ilinikuta stendi ya Ipogolo, Iringa, basi limesimama na abiria wameshuka kunyoosha miguu. Nilikuwa natoka Dodoma kwenye mafunzo ya kazi ya wiki mbili, narudi nyumbani Isyesye, Mbeya. Mama mdogo alikuwa ametoka Tukuyu kunikalia nyumba na kumwangalia Kiazi, paka wangu wa miaka minne.

"Mwanangu, usiwe na wasiwasi na Kiazi," akaniambia. "Ameshikwa na mafua, anatetemeka, kula hataki. Baridi ya Julai unaijua. Jana usiku nimempa nusu kidonge, leo alfajiri nikamwongezea kipande. Sasa hivi amelala tu."

Nikamuuliza kidonge gani. Parasetamoli, akasema, ile niliyoiacha mwenyewe kwenye kabati la jikoni.

Miguu iliniisha nguvu pale pale. Nilimpigia bwana mifugo mmoja ninayemfahamu, akaniuliza swali moja: fizi zake zina rangi gani? Nikampigia tena mama mdogo, nikamwomba amfungue mdomo taratibu. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kama kahawa, mwanangu. Halafu uso umevimba." Bwana mifugo akaniambia dawa ya kuzima sumu hiyo ipo duniani, ila yeye hana, na anayeweza kuwa nayo karibu hamjui. Mama mdogo akamfunga Kiazi kwenye kitenge chake, akatafuta bajaji ya kumpeleka mjini. Tulikuwa tumefika Makambako aliponipigia kusema amekata roho njiani.

Kuanzia Makambako mpaka Uyole sikusema neno na mtu.

Naandika haya sasa, wiki kadhaa baadaye, na kabla sijaendelea nataka ieleweke kwamba mama mdogo hakuwa mzembe. Alikesha. Aliweka jiko la mkaa karibu na kikapu cha Kiazi, akafungua dirisha kidogo moshi utoke, akamchemshia dagaa na kuwaponda kwa vidole. Alimtendea mnyama yule kama alivyotutendea sisi utotoni tukishikwa na homa: blanketi, kitu cha moto, nusu kidonge. Kwa mtoto, nusu kidonge kilisaidia. Kwa paka wa kilo tatu na nusu, kiliua.

Sababu ya kuua kwake iko kwenye ini. Ini la binadamu lina uwezo wa kuibadilisha parasetamoli na kuitoa mwilini bila madhara, mradi usizidishe kipimo. Ini la paka limepungukiwa kimeng'enyo kinachofanya kazi hiyo. Dawa inageuka sumu ndani ya mwili wake, sumu inaharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Ndiyo maana fizi zinakuwa za rangi ya kahawa. Paka anahema, uso na miguu vinavimba, na ukimwona amelala tu unadhani dawa imemtuliza, kumbe anakosa hewa huku mapafu yanafanya kazi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na nusu yake inaweza kutosha pia. Hakuna kipimo kidogo cha kubahatisha nyumbani.

Na parasetamoli haiko peke yake. Ibuprofeni na diklofenaki, zile tunazomeza mgongo ukiuma baada ya kulima, zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Dawa za kupe za jamii ya permethrini, ambazo watu wananyunyizia mifugo na mbwa, zikimpata paka anaanza kutetemeka mpaka anadondoka, kwa sababu ya ini hilo hilo. Nimeona kwa macho yangu, nyumba tatu tofauti, mbwa mwenye ukurutu akipakwa oili chafu ya gari mwili mzima. Mbwa anajiramba, anameza. Ngozi iliyokwisha kuchubuka inafyonza. Ukurutu unaletwa na wadudu wadogo wanaochimba kwenye ngozi, una dawa yake inayojulikana, na duka la dawa za mifugo lipo. Lakini oili chafu inapatikana bure gereji, na babu alikuwa akiitumia, basi.

Jambo linaloninyima usingizi ni hili. Mama mdogo huyu huyu ana ng'ombe wawili wa maziwa kule Tukuyu, anawafuga bandani, anawakatia majani kila siku. Anajua ng'ombe akiwa kwenye joto kabla hajaanza kulia. Ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, anaitambua kwa kushika matezi chini ya sikio. Mwaka juzi mmoja aligoma kula, na haikupita saa moja akawa amempigia bwana mifugo, bwana mifugo akaja na pikipiki kwenye mvua, akachoma sindano, akaandika kwenye daftari siku ambazo maziwa hayatakiwi kunywewa. Mama mdogo alizihesabu siku zile zote bila kukosea. Hakuwahi hata mara moja kufikiria kumpa ng'ombe kidonge kutoka kabatini kwake.

Kwa hiyo tusiseme ndugu zetu hawana akili ya kufuga. Watu wa Rungwe, Njombe, Mufindi, hawa ndio wanaotufuga sisi wenyewe kwa maziwa yao. Kinachokosekana ni wazo kwamba paka naye ana ugonjwa wenye jina, na mbwa naye ana mtu wa kumwita. Ng'ombe akiugua, familia nzima inajua pa kukimbilia. Paka akiugua, anaangaliwa kama mtu mdogo mwenye manyoya, au anaachwa apone au afe. Kati ya hayo mawili hatujaweka kitu.

Mwezi Agosti nilikwenda Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale nikiwa na maumivu haya bado. Nilizunguka mabanda ya mifugo. Ng'ombe wa maziwa, nguruwe, kuku, sungura, samaki, kila mmoja ana kijana aliyesimama pembeni anaeleza chanjo, chakula, minyoo. Mimi nilipopita sikukuta banda lililozungumzia paka, na mbwa nilimsikia akitajwa kwa habari ya ulinzi tu. Nilisimama mbele ya meza ya dawa za mifugo, nikamuuliza yule kijana: mtu akija kwako na paka mwenye mafua utamwambia nini? Akafikiri kwa uaminifu kabisa, akanijibu kwamba hajawahi kuulizwa.

Na mafua ya paka yanatunzika. Mara nyingi ni virusi, na paka mzima aliyekuwa na afya hupona ndani ya wiki moja au mbili akipewa joto, maji, na kufutwa macho na pua kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya vuguvugu. Hataki kula kwa sababu pua imeziba na hasikii harufu. Ndiyo maana chakula chenye harufu kali, kama wale dagaa wa mama mdogo, kinasaidia. Akipitisha siku mbili bila kula, mtafute mtaalamu, maana ini lake linaanza kuumia. Mama mdogo alikuwa amefanya karibu kila kitu sawasawa. Kilichoharibu ni kile kidonge.

Nakubali, ingawa sipendi kukubali, kwamba fedha ni kikwazo. Nyumba ambayo ada ya shule haijatimia haitalipia sindano ya paka, na sitamtazama mtu kama huyo kwa jicho la lawama. Nakubali pia kwamba mabwana mifugo ni wachache na kata zao ni kubwa. Lakini kuacha kumpa mnyama kidonge hakugharimu hata shilingi. Kupiga simu kuuliza kunagharimu dakika mbili.

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kusubiri fedha wala heshima, nalo ni kichaa cha mbwa. Kaka yangu anaishi nje kidogo ya Mafinga, ana mbwa anaitwa Simba, na kila nikimuuliza kuhusu chanjo ananijibu kwamba Simba hajawahi kumuuma mtu. Mwaka jana mtoto wake wa miaka saba aling'atwa na mbwa wa njiani, akapakwa ugoro kwenye kidonda, nami nikaambiwa kwenye simu siku ya tatu, tena katikati ya habari nyingine. Nilipiga kelele siku ile. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 59,000 wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, na karibu wote walipata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna hospitali ya kukuokoa. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kuchanjwa siku hiyo hiyo. Mtoto wetu alichanjwa, yuko salama, namshukuru Mungu. Simba hajachanjwa mpaka leo ninapoandika. Kaka, najua unasoma hapa. Mpeleke.

Mengine nayasema haraka: mifupa iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha na kuchana utumbo, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa na ya paka, panya aliyekula sumu akiliwa na paka, sumu inahama naye, na kitoto cha mbwa kisitengwe na mama yake kabla ya wiki nane, hata kama mnunuzi ameshatoa hela.

Nirudi kwa mama mdogo, kwa sababu sehemu inayonihusu mimi bado sijaisema.

Jioni ile nilipofika nyumbani alikuwa ameketi jikoni na macho mekundu. Aliniuliza, "Ni baridi ilimzidi, eti?" Nami nikamjibu, "Ni mipango ya Mungu, mama." Sikuweza kumwambia. Ni dada wa mama yangu, amenibeba mgongoni, amesafiri kutoka Tukuyu kwa ajili yangu. Ningeanzaje kumwambia kwamba mkono wake ndio uliomuua Kiazi? Kwetu mdogo hamfundishi mkubwa, tena habari za paka! Hata kabla ya safari ile nilikuwa nimeogopa kumwachia maelekezo. Nilijua kuhusu parasetamoli. Nilisoma zamani. Niliona kumwandikia karatasi kungeonekana kama namdharau mtu aliyefuga tangu sijazaliwa. Nikamwonyesha mahali pa unga na mahali pa dagaa, nikaondoka.

Kisha mwisho wa Agosti nikaongea naye, katika mazungumzo ya kawaida tu, akaniambia jirani yake pale Tukuyu ana paka anayepiga chafya. "Nimemwambia ampe nusu kidonge. Kiazi alitulia sana alipokunywa, ni vile tu tulichelewa."

Nilimwomba ampigie jirani sasa hivi. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia mpigie kwanza, mama, nakuomba. Jirani alikuwa bado hajampa. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari mpaka Tukuyu, kwa sababu neno kama lile haliendi kwa simu.

Nilimkuta anakamua. Nilisubiri amalize, tukaketi jikoni, akanimiminia chai, nikamwambia yote: ini, damu, fizi za rangi ya kahawa. Nilimwambia pia kwamba nilikuwa najua kabla ya kuondoka na sikumwambia, kwamba kabati ni langu na dawa ni yangu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Chai yake ikapoa. Mwisho akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mbona hukuniambia siku ile?"

Nikamwambia nilimheshimu.

"Ungeniambia," akasema. "Mimi si nilikuuliza?"

Sikuwa na jibu, na hakulidai. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa dawa zake zote: za presha, za mgongo, parasetamoli, vidonge vya rangi rangi ambavyo amepewa zahanati miaka tofauti. Akavimwaga juu ya meza. Akachukua kalamu kwenye daftari lile la maziwa, akanipa. Akataka niandike juu ya kila pakiti, paka hapana, mbwa hapana, na ukurasa wa mwisho wa daftari niandike namba ya simu ya yule bwana mifugo wa mjini, chini ya ile ya bwana mifugo wa ng'ombe.

"Andika kubwa," akaniambia. "Jioni sioni vizuri."